Ghala la Peleti: Kuni Zinazopulizwa kwa Bomba na Hewa Inayoua Bila Moto

Lori la tangi likisimama mbele ya nyumba huko Austria au kusini mwa Ujerumani, si lazima liwe limeleta mafuta. Dereva anashuka, anavuta mpira mnene unaoweza kufika mita 30, anaufunga kwenye mdomo wa chuma uliojengewa ukutani, kisha anawasha pampu ya hewa. Muda si mrefu, tani kadhaa za kuni zimeshaingia ndani ya nyumba kwa kupitia mpira huo. Hakuna aliyebeba gunia wala aliyeshika shoka. Mwenye nyumba amepata joto la kumvusha majira yote ya baridi.

Kuni hizo ni peleti. Familia nyingi zinazobadili mfumo wa kupasha joto nyumba hutumia miezi kulinganisha boila hii na ile, na ghala huliacha hadi mwisho, kana kwamba ni stoo tu ya kuwekea vitu. Hapo ndipo wanapokosea. Ghala la peleti ni sehemu ya mtambo. Likijengwa vibaya, boila bora kuliko zote itakwama katikati ya usiku wa theluji. Na likichukuliwa kama chumba cha kawaida, linaweza kuua.

Kuni zinazomiminika

Peleti ni vipande vidogo vya mviringo, kipenyo chake kwa kawaida milimita 6 na urefu usiozidi milimita 40, vinavyofanana na chakula cha sungura cha dukani. Malighafi yake kubwa ni maranda na unga wa mbao unaobaki kwenye viwanda vya kupasua magogo. Unga huo hukaushwa, husagwa, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia matundu ya bamba la chuma. Msuguano huzaa joto, na joto hulainisha lignini, dutu inayozishikanisha nyuzi za mti tangu ukiwa msituni. Peleti ikipoa, lignini hiyo hukaza na kuishika. Gundi haihitajiki. Viambato vya kusaidia, kama vile wanga, haviruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya uzito.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Peleti za daraja la A1 zenye alama ya ENplus, inayotumika sana Ulaya, hazitakiwi kuzidi asilimia 10 ya unyevu wala asilimia 0.7 ya majivu. Ndiyo maana kilo mbili tu za peleti hutoa joto linalokaribia la lita moja ya mafuta ya kupashia joto, yaani kama kilowati-saa 10.

Lakini kilichoifanya peleti ishinde gogo ni kwamba vipande vyote ni vya ukubwa mmoja. Kitu cha namna hiyo humiminika. Kinaweza kupulizwa kwa hewa, kufyonzwa kwa bomba na kusukumwa na parafujo, na boila ikajilisha yenyewe bila mtu kuamka alfajiri.

Hesabu ya chumba

Tuchukue nyumba ya familia moja iliyokuwa ikichoma lita 2,000 za mafuta kwa mwaka. Nyumba hiyo itahitaji takriban tani 4 za peleti. Mita moja ya ujazo hubeba kama kilo 650, kwa hiyo mzigo wenyewe unachukua mita za ujazo 6 na kitu. Chumba, hata hivyo, lazima kiwe kikubwa zaidi, kwa sababu sakafu ya ghala hujengwa kwa mteremko pande mbili ili peleti ziteleze zenyewe kuelekea katikati, na juu hubaki nafasi ya hewa. Karibu theluthi moja ya chumba hupotea hapo. Mafundi wa Ujerumani wana kanuni nyepesi: zidisha mahitaji ya joto ya nyumba, kwa kilowati, na 0.9, upate ujazo wa ghala kwa mwaka mzima. Nyumba ya kilowati 10 inataka mita za ujazo 9, yaani chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2 na robo.

Mteremko huo ni mbao laini zilizolazwa kwa pembe ya nyuzi 40 hadi 45. Ukiulaza zaidi, peleti hazitelezi; zinaganda pembeni, na boila inazimika ghala likiwa bado na tani nzima. Chini yake panahitajika nguzo za kutosha, maana zinabeba tani. Kuta nazo husukumwa kwa nguvu na mzigo, tena zaidi wakati wa kujaza, kwa hiyo ukuta mwembamba wa kugawia vyumba haufai.

Adui mkubwa wa ghala ni maji. Peleti iliyolowa hufumuka, hurudi kuwa unga wa mbao, na mzigo unaofumuka ndani ya chumba kilichojaa unaweza kupasua ukuta. Bomba la maji linalovuja au ukuta unaotoa unyevu ni sababu tosha ya kutafuta mahali pengine. Asiye na chumba kikavu anaweza kununua mfuko mkubwa wa kitambaa maalumu unaoning'inia kwenye fremu ya chuma, au tangi la kufukia ardhini.

Namna ya kuzifikisha peleti kwenye boila hutegemea umbali. Ghala likipakana na boila, parafujo inatosha: ina kelele kidogo na haili umeme mwingi. Likiwa mbali, kwa mfano upande wa pili wa nyumba, hutumika mfumo wa kufyonza kwa hewa, unaoweza kuzivuta umbali wa mita 20 hivi. Mfumo huu hunguruma kama mashine ya kufyonzea vumbi, kwa hiyo hupangiwa saa za mchana, ukajaza tangi dogo la kuitosha boila usiku kucha.

Siku ya lori

Ghala zuri lina midomo miwili ya chuma kwenye ukuta wa nje. Mmoja huingiza peleti, na wa pili hufungwa feni ya kufyonza hewa na vumbi, kwa sababu hewa inayoingia na mzigo lazima ipate pa kutokea. Bila feni hiyo, shinikizo hupanda na vumbi hupenya kila ufa hadi vyumbani.

Peleti huingia kwa kasi kubwa. Zikigonga zege moja kwa moja, zinavunjika. Hivyo basi, mkabala na mdomo wa kuingizia huning'inizwa mkeka mzito wa mpira au plastiki ngumu, sentimita 20 au zaidi kutoka ukutani, wa kuzipokea na kuziangusha chini zikiwa nzima. Kila kona kali ya bomba na kila mita ya ziada ya mpira huongeza uvunjikaji. Peleti zilizovunjika huzaa vumbi, vumbi hutuama kwenye mteremko, mwisho wake ni bomba la kufyonzea kuziba. Kwa sababu hiyo kanuni za ENplus zinataka vumbi lisizidi asilimia 1 wakati wa kupakia lori, na mwenye nyumba mwangalifu hulifagia ghala kila baada ya kujaza mara mbili au tatu.

Vumbi la mbao likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo mabomba ya kujazia huwa ya chuma na huunganishwa na waya wa ardhini ili umeme tuli usijikusanye. Ndani ya ghala hapawekwi swichi, soketi wala taa ya kawaida. Boila nayo huzimwa kabla ya lori kuanza kazi, kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa sababu feni ikivuta hewa ghalani inaweza kuvuta pia moto au gesi kutoka kwenye boila.

Sumu bila moto

Afrika Mashariki tunaijua vizuri hatari ya kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Kinachoua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Peleti hutoa hewa hiyohiyo zikiwa baridi, zimelala, bila kiberiti kuwashwa.

Sababu yake ni ya kikemia. Mti una mafuta yake ya asili, na msonobari unayo mengi. Mti ukisagwa, mafuta hayo hukutana na oksijeni ya hewa na kuanza kuoza kikemia. Katika mchakato huo oksijeni ya chumba hupungua, na kaboni monoksidi hujikusanya pamoja na kemikali zenye harufu kali. Hali huwa mbaya zaidi katika wiki za mwanzo baada ya peleti kutengenezwa, na joto la chumba huizidisha.

Novemba 2006, meli iliyobeba peleti kutoka Kanada ilikuwa bandarini Helsingborg, Uswidi. Baharia mmoja alikufa kwenye ngazi zilizopakana na shehena, na watu wengine wakadhurika, wakiwemo waliokwenda kuokoa. Mwaka 2011, nchini Uswisi, mwanamke mjamzito alifariki katika ghala la peleti la eneo la makazi.

Vifo hivi vilibadili ujenzi. Austria ilikuwa imeshatoa kanuni yake ya maghala, ÖNORM M 7137, na mwaka 2018 kikatoka kiwango cha kimataifa cha ISO 20023 kuhusu usalama wa peleti majumbani. Siku hizi midomo ya kujazia hufungwa vifuniko vyenye matundu ya kupitisha hewa kwenda nje. Dawa ni rahisi hivyo, mradi tu vifuniko hivyo visizibwe kwa theluji, majani au rangi.

Peleti zimeshafika hata Rwanda, ambako zimetumika kwenye majiko ya kupikia yenye feni ndogo. Mfuko mmoja jikoni si tishio. Mfanyabiashara anayerundika tani nyingi kwenye bohari lililofungwa anahitaji kuyajua haya sawa na mwenye nyumba wa Austria.

Kwa hiyo, wewe unayekusudia kujenga ghala, anza na hewa kabla ya kuuliza bei ya boila. Weka kipimo cha kaboni monoksidi. Funga mlango kwa ufunguo watoto wasiingie. Usiingie ndani katika wiki nne za mwanzo baada ya kujaza bila kupima hewa. Baada ya hapo, acha mlango wazi angalau dakika 15, na mtu mwingine asimame nje akikuangalia. Akikuona umeanguka, asikufuate ndani: apige simu ya dharura.