Matangazo ya mashine za kuvunia za McCormick

Matangazo ya mashine za kuvunia za McCormick ni mabango, vijitabu na matangazo ya magazetini yaliyotolewa nchini Marekani katika karne ya 19 na kampuni ya Cyrus Hall McCormick (1809–1884) ili kuuza mashine za kukatia ngano. Yanakumbukwa kwa sababu mbili. Yaliwazoesha wakulima kununua mashine ya bei kubwa kwa mkopo na kwa dhamana ya maandishi. Tena yalieneza masimulizi kuhusu uvumbuzi wa mashine hiyo ambayo wanahistoria walilazimika kuyachunguza upya.

Mashine yenyewe

Kabla ya mashine, ngano ilikatwa kwa mundu, au kwa fyekeo refu lenye vidole vya mbao vya kukusanyia mabua. Mtu hodari mwenye fyekeo la namna hiyo alimaliza ekari 2 au 3 kwa siku. Ngano iliyoiva haingoji: ikikaa shambani siku nyingi punje hupukutika, na mvua ikinyesha huoza. Kwa hiyo mkulima hakupanda kadiri ya ardhi aliyokuwa nayo, bali kadiri ya mikono aliyoweza kuipata wakati wa mavuno.

Mashine ya McCormick ilivutwa na farasi. Gurudumu lake kubwa, likibingirika ardhini, liliendesha kisu chenye meno kilichokwenda huku na huku. Vidole vya chuma vilivyotangulia kisu vilishika mabua yasiyumbe, na mabawa ya mbao yaliyozunguka kama pangaboi yaliyalaza juu ya jukwaa. Mtu mmoja aliyavuta kutoka jukwaani kwa reki, na wengine walifuata nyuma wakiyafunga miganda. Kazi ya kufunga ilibaki ya mikono kwa miaka mingi.

Ahadi iliyochapwa

McCormick alionyesha mashine yake mwaka 1831 karibu na Steele's Tavern, jimbo la Virginia, akapata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1834. Hata hivyo biashara ilianza kushika kasi katika miaka ya 1840 tu, na mwaka 1847 alijenga kiwanda mjini Chicago, karibu na mbuga tambarare za magharibi ambako mashamba mapya ya ngano yalikuwa yakifunguliwa.

Kuuza hakukuwa rahisi. Mashine iligharimu takriban dola 120, fedha nyingi kwa mkulima wa wakati ule, na wengi hawakuwahi kuiona ikifanya kazi. Matangazo yalijibu hofu hiyo moja kwa moja. Bei ilichapwa wazi, ikawa moja kwa wote, bila mapatano ya sokoni. Mnunuzi alitoa kiasi kidogo kwanza, dola 30 hivi, na salio alilipa baada ya mavuno. Kampuni iliahidi kwa maandishi kwamba mashine ingekata ekari moja na nusu kwa saa. Chini ya maelezo hayo zilipangwa barua za wakulima waliokwisha kuitumia. Mtindo huu wa tangazo haukushangaza mtu baadaye, lakini kwa wakulima wa 1850 ulikuwa mgeni kabisa.

Pamoja na karatasi palikuwa na mashindano ya hadharani. Wenye mashine walikutana shambani, watu wakakusanyika kutazama, na mshindi akachapisha matokeo gazetini. (Aliyeshindwa naye mara nyingi alichapisha yake.) Shindano kubwa kuliko yote lilikuwa la Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Mwanzoni gazeti moja la Uingereza liliicheka mashine ya McCormick kwa umbo lake la ajabu, lakini ilipojaribiwa shambani ilikata vizuri ikapewa medali ya juu. Tangu hapo medali hiyo ilionekana katika matangazo mengi ya kampuni.

Mkopo ulikuwa na upande wake wa pili. Wakala aliyeleta bango na kuifunga mashine shambani ndiye aliyerudi baada ya mavuno kudai deni. Mwaka wa ukame au wa bei mbovu, deni lilibaki palepale.

Nani aliivumbua?

Katika matangazo jibu lilikuwa moja: Cyrus McCormick, mwaka 1831, peke yake. Kumbukumbu nyingine zinaonyesha watu wengi zaidi.

Huko Uskoti, Patrick Bell alitengeneza mashine ya kuvunia iliyosukumwa na farasi mwaka 1828, wala hakuiombea hataza. Nchini Marekani Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake tarehe 31 Desemba 1833, miezi michache kabla ya McCormick. Baba yake Cyrus, Robert McCormick, alikuwa amehangaika kwa miaka mingi na mashine ya namna hiyo katika shamba la familia. Ndugu yake Cyrus, Leander, ambaye pia alikuwa mshirika katika kiwanda, alichapisha kitabu mwaka 1885 akidai kwamba mvumbuzi wa kweli alikuwa baba yao.

Tena alikuwepo Jo Anderson, mtumwa wa familia hiyo, aliyefanya kazi na Cyrus katika karakana ya shamba mashine ilipoundwa. Kitabu kilichoandikwa na mjukuu wa Cyrus mwaka 1931 kinamtaja kama msaidizi katika ujenzi huo. Ni kiasi gani cha mashine kilitoka kichwani mwake hakuna hati inayopima, kwa kuwa mtumwa hakuweza kuomba hataza wala kutia sahihi mkataba.

Sababu ya kampuni kung'ang'ania mwaka 1831 inaeleweka ikikumbukwa kwamba hataza ya 1834 iliisha mwaka 1848, na ombi la kuongezewa muda likakataliwa. Kuanzia hapo kila mwenye karakana aliweza kuunda mashine kwa misingi ileile, na washindani wakawa wengi. Kilichobaki mali ya McCormick peke yake ni jina na simulizi. Bango likafanya kazi ambayo sheria haikuifanya tena.

Mabango ya rangi

Katika miaka ya 1870 na 1880 uchapaji wa rangi kwa mawe, yaani litografia, ulikuwa rahisi kiasi cha makampuni kugawa picha kubwa bure. Mkulima aliitundika ukutani hata kama hakununua kitu. Katika nyumba nyingi za mbugani hiyo ndiyo ilikuwa picha ya pekee ya rangi. Bango moja mashuhuri linaonyesha jaribio la Steele's Tavern, umati ukiitazama mashine kwa mshangao. Lilichorwa nusu karne hivi baada ya tukio lenyewe, kwa hiyo linashuhudia zaidi mawazo ya kampuni kuliko yaliyotokea siku ile.

Bango lingine lilitumia mchoro wa Emanuel Leutze wa walowezi wakielekea magharibi, na maneno yake yaliziweka mashine za McCormick mstari wa mbele wa safari hiyo. Waindio, wenye ardhi ile, hawatajwi katika maneno hayo.

Kiwanda cha Chicago nacho kilipendwa na wachoraji wa matangazo: majengo safi na moshi ukipanda angani. Tarehe 3 Mei 1886 polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma nje ya kiwanda hichohicho, na baadhi yao waliuawa. Mkutano wa kupinga mauaji hayo, uliofanyika siku iliyofuata katika uwanja wa Haymarket, uliishia kwa bomu na risasi. Matukio hayo yanahusiana na asili ya sikukuu ya Mei Mosi.

Waya, kamba na mkonge

Mashine zilizofunga miganda zenyewe zilipotokea katika miaka ya 1870, zilitumia waya. Vipande vya waya viliingia katika malisho ya ng'ombe na hata katika vinu vya unga, na washindani hawakuacha kulisema jambo hilo katika matangazo yao. John Appleby alibuni kifaa cha kufunga fundo la kamba, na William Deering akauza mashine hizo kwa wingi. McCormick alilazimika kufuata. Mwaka 1902 kampuni za McCormick na Deering ziliungana na nyingine tatu kuwa International Harvester.

Kamba hiyo ilihitaji nyuzi ngumu zisizooza upesi. Nyingi zilitoka Yucatán, Meksiko, ambako International Harvester ilifanya mapatano ya siri na mfanyabiashara Olegario Molina mwaka 1902 ili kushusha bei. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza zao hilo Afrika ya Mashariki: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ilifika hai ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba ya mkonge ya Tanga. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya katani yake ilisokotwa kuwa kamba za kufungia mazao katika mashamba ya Ulaya na Amerika.

Mashine za kufunga miganda zilipotea polepole baada ya kuenea kwa kombaini, inayokata na kupura kwa safari moja. Mabango na hati za kampuni zimehifadhiwa kwa wingi katika Jumuiya ya Kihistoria ya Wisconsin, mjini Madison.