Kuhamia Programu Huria katika Mitaa ya Eastlands: Suala la Gharama au Suala la Lugha?

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani walitangaziwa muda wa nyongeza hadi Oktoba 2026, lakini njia waliyoelekezwa ni ya kuhamia Windows 11, mfumo uliotolewa mwaka 2021. Mfumo huo hudai kumbukumbu isiyopungua GB 4, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakata cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mitumba zinazotegemewa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, hazitimizi masharti hayo. Mashine ni nzima, skrini inawaka, kibodi inabofyeka, ila mwenye mfumo ameamua kuwa wakati wake umekwisha.

Makala haya yananuia kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza maana ya mfumo endeshi huria na namna mtumiaji wa kawaida anavyoweza kuhamia huko. Pili, yataonyesha mazingira ya Eastlands yanayoufanya uhamaji huo kuwa na maana. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa wasomaji wa jarida hili, yatabainisha kwamba anayehama kwa sababu ya gharama hujikuta mbele ya swali la lugha, na kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa na mafundi wa kompyuta peke yao.

Mfumo endeshi huria ni nini?

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia maunzi ya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Bila huo, kompyuta ni sanduku tu. Kuna mifumo iliyofungwa, ambayo maandishi yake ya ndani ni siri ya kampuni na mtumiaji hununua tu ruhusa ya kuitumia. Windows ni mfano wa mifumo hiyo. Kuna pia mifumo huria, ambayo maandishi yake yamewekwa wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadilisha.

Harakati za programu huria zilianzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983 alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kazi hizo mbili zilipoungana, ulimwengu ukapata mfumo kamili usio na mmiliki mmoja. Uhuru unaokusudiwa hapa ni wa aina nne: kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia nakala zilizobadilishwa. Ikumbukwe kuwa uhuru huu si sawa na kupata kitu bure, ingawa mara nyingi mambo hayo mawili huandamana.

Miongoni mwa matoleo mashuhuri ya mfumo huu ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halimpigi chenga mwanaisimu. Katika Kizulu na Kixhosa, shina -ntu likitanguliwa na kiambishi cha ngeli ubu- huzaa ubuntu. Katika Kiswahili, shina hilo limepoteza nazali na kuwa -tu, nalo likitanguliwa na u- hupatikana utu. Hivyo basi, Mswahili anayewasha kompyuta yenye mfumo huo hukaribishwa na neno ambalo ni ndugu wa damu wa neno lake mwenyewe. Ajabu ni kwamba baada ya neno hilo moja, karibu kila kitu kingine kwenye skrini hukikuta kwa Kiingereza.

Mazingira ya Eastlands

Eastlands ni jina la jumla la mitaa mingi yenye historia tofauti. Kaloleni na Makongeni ni mitaa ya enzi ya ukoloni iliyojengewa wafanyakazi Waafrika. Buruburu ilianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya tabaka la kati. Umoja, Kayole na Dandora zikafuata, zikapanuka na kujaa watu. Katika mitaa hii yote, kwa miaka mingi mlango wa kuingilia ulimwengu wa kompyuta umekuwa saiba, yaani duka dogo lenye mashine kadhaa, printa na mashine ya kutoa nakala. Hapo ndipo mwananchi huandikiwa barua ya kuomba kazi, mwanafunzi huomba mkopo wa HELB, mfanyabiashara huwasilisha taarifa za ushuru kupitia iTax, na anayetafuta cheti huingia eCitizen.

Mwenye saiba hukabiliwa na mambo matatu. La kwanza ni leseni. Akinunua mfumo halali kwa kila mashine, faida humponyoka. Akitumia nakala iliyovunjwa kufuli, huwa amevunja sheria. Wanafunzi wa fasihi watavutiwa kujua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za kifasihi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayenakili programu bila idhini yu sawa na anayenakili riwaya ya mwandishi na kuiuza kando ya barabara. La pili ni virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine, na kazi ya mteja kupotea. La tatu ni uchakavu, kwani kila toleo jipya la mfumo hudai mashine yenye nguvu zaidi.

Mifumo huria hujibu mambo hayo kwa kiasi kikubwa. Nakala moja inaweza kuwekwa kwenye mashine kumi bila kosa lolote la kisheria. Virusi vilivyoundwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida haviwezi kufanya kazi humo. Aidha, yapo matoleo mepesi kama vile Lubuntu, Xubuntu na Linux Mint yenye sura ya Xfce, ambayo huhuisha mashine zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Namna ya kuhama

Uhamaji wa busara hufuata hatua. Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala za kazi zote mahali pengine, kwani kusakinisha mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu. Ya pili ni kupakua mfumo na kuuandaa kwenye flashi. Faili hiyo ni kubwa, GB kadhaa, na data si rahisi. Lakini kwa kuwa kugawana nakala ni halali, mmoja akishapakua, jirani wote wanaweza kuitumia. Kati ya mwaka 2005 na 2011, waandaaji wa Ubuntu walikuwa wakituma hata sidii kwa posta bila malipo kwa aliyeomba.

Hatua ya tatu ni kuujaribu mfumo ukiwa bado kwenye flashi, kabla ya kugusa chochote ndani ya kompyuta. Katika majaribio hayo, mtumiaji huchunguza kama printa inachapisha, kama sauti inasikika na kama mtandao unashika. Ya nne ni kuamua ama kuiweka mifumo yote miwili katika mashine moja, ama kuuondoa kabisa ule wa zamani.

Hata hivyo, changamoto hazikosi. Fomu za Excel zenye amri za ndani huenda zisifanye kazi ipasavyo katika LibreOffice. Programu fulani za uhasibu zimeundwa kwa Windows pekee. Tasnifu iliyoandikwa kwa Word inaweza kubadilika mpangilio wa kurasa ikifunguliwa kwingine, jambo linaloweza kumtia mtahiniwa mashakani siku chache kabla ya kuiwasilisha. Kwa hivyo, asihame mtu katikati ya msimu wa tasnifu, na mwenye saiba abakize angalau mashine moja ya mfumo wa zamani hadi awe na hakika.

Suala la lugha

Mwaka 2004 ulikuwa wa kihistoria kwa Kiswahili katika kompyuta. Mwaka huo Microsoft ilitangaza azma ya kutoa sura ya Kiswahili ya programu zake, na wataalamu wa Kiswahili wa Afrika Mashariki wakashirikishwa katika kuunda istilahi. Desemba ya mwaka huohuo, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Tofauti ya njia hizo mbili yafaa kuzingatiwa. Katika programu iliyofungwa, ni kampuni inayoamua kama lugha itaingizwa, lini itaingizwa na lini itaondolewa. Msemaji asiyeridhika na istilahi hana la kufanya ila kulalamika. Katika programu huria, msemaji anaweza kuifungua orodha ya maneno na kuisahihisha mwenyewe. Lakini uhuru huo una sharti. Toleo la 2004 halitumiki tena. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010 na kuzaa LibreOffice, na kila mwaka programu hupata vitufe na ujumbe mpya. Tafsiri isiyopaliliwa humezwa na magugu ya Kiingereza. Mlango umeachwa wazi, lakini hauingii mtu kwa niaba yake.

Je, kazi hiyo inahitaji mtaalamu wa kompyuta? La hasha. Maneno ya programu huria kwa kawaida huwekwa katika faili ya orodha, sentensi asilia juu na nafasi ya tafsiri chini. Ugumu uliomo ni wa kiisimu. Tuchukue ujumbe ambao kompyuta hutoa baada ya kufuta kitu. Mwandishi wa programu huandika sentensi moja yenye pengo, na kompyuta hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu chochote. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hutosha daima. Kwa Kiswahili, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, jina limefutwa, picha imefutwa, na mtumiaji amefutwa. Mfasiri akiandika "imefutwa" mbele ya pengo, atakuwa amevunja upatanisho wa kisarufi mara nyingi kuliko atakavyoutimiza.

Dawa yake imo ndani ya sarufi yenyewe. Mfasiri akiandika "Kufutwa kwa ... kumekamilika", upatanisho huongozwa na kitenzijina cha ngeli ya KU, wala hautegemei tena nomino iliyomo katika pengo. Sentensi moja huzitosheleza ngeli zote. Suluhisho la aina hii halitoki kwa fundi; hutoka kwa aliyesoma mofosintaksia.

Kikagua tahajia nacho ni vivyo hivyo. Orodha ya maneno haitoshi, kwa kuwa kitenzi kimoja kama "hawajatufundisha" hubeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa, mzizi na kiishio. Ni lazima kompyuta ifunzwe kanuni za viambishi. Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika insha ya Kiswahili katika programu isiyokijua Kiswahili huona ukurasa mzima umepigiwa mistari myekundu, kana kwamba lugha yake yote ni kosa.

Hali kadhalika, kuna suala la saa. Kompyuta ikiandika saa 8:00 asubuhi, je, mfasiri aifuate ama aseme saa mbili? Kuna pia suala la istilahi: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Faili zimefutwa au mafaili yamefutwa? Kipanya au puku? Mkenya na Mtanzania hawakubaliani daima, na mitambo ya kimataifa imelizingatia hilo kwa kutenga mipangilio ya Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo.

Katika hili, Eastlands ina la kufundisha. Mitaa hii hutajwa kuwa chimbuko la Sheng, nayo haijawahi kungoja kamati ili ipate neno. Katika saiba watu huprinti, huskani na hudaunlodi, na kazi huendelea. Mtaalamu anayependekeza "kupakua" hana budi kujiuliza ni kwa nini neno lake, lenye maana ya wazi ya kushusha mzigo, halijafika Kayole. Jibu mojawapo ni kwamba istilahi huenea kwa kutumiwa. Neno lililofungiwa katika kamusi hukutana na wachache. Neno lililoandikwa juu ya kitufe hubofywa na mteja mara ishirini kwa siku, apende asipende.

Hitimisho

Imebainika kwamba mtu wa Eastlands anaweza kuhamia mfumo huria kwa sababu za mfuko, sheria na uhai wa mashine yake, na kwamba sababu hizo zinatosha. Lakini akihama na kukuta Kiingereza kilekile, atakuwa amebadilisha nyumba bila kubadilisha lugha ya mwenye nyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kuonekana pia kwenye skrini ambapo mwananchi hujaza fomu zake.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu, vina sarufi na vina walimu wa kusahihisha. Kikundi kidogo kinaweza kuanza na programu moja nyepesi, kikaifasiri, kikaipeleka katika saiba moja ya Umoja au Dandora, kisha kikasikiliza ni maneno gani wateja wanayaelewa na yapi wanayaruka. Huo utakuwa utafiti wa istilahi wenye manufaa, na jedwali lake la matokeo litaanza kutumika siku hiyohiyo.