Seva ya Nyumbani kwa Mfumo Endeshi Huria: Funzo kutoka Kebirigo

Utangulizi

Yeyote aliyeishi katika milima ya Gusii anajua kwamba mvua ya alasiri haiji peke yake. Huja na radi, na radi ikija, umeme hupotea. Nyumbani kwetu Kebirigo, miongoni mwa mashamba ya majani chai, nilikuwa nimekigeuza kipakatalishi kikuukuu kuwa seva ya familia. Ndani yake nilihifadhi ngano na methali za Ekegusii nilizozirekodi kwa nyanya kwa ajili ya utafiti wangu. Alasiri moja, nikiwa chuoni, umeme ulipotea, ukarejea kwa kishindo, na mashine ikakataa kuwaka ifaavyo. Mdogo wangu, kwa nia njema, alichukua flashi niliyoiacha mezani akaanza kusakinisha mfumo upya. Ujumbe wa Kiingereza ukamwuliza iwapo diski nzima itumike. Akakubali. Rekodi zote zikafutika, na wakati huo nyanya alikuwa ameshaaga dunia.

Lawama si yake. Aliyeiacha seva bila nakala na bila maelezo ni mimi. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kusakinisha na kusanidi mfumo endeshi huria katika seva ya nyumbani, na kudai kwamba kazi hiyo haijakamilika mpaka maelezo yake yaandikwe katika lugha ya watakaobaki na mashine. Hapa, kusakinisha ni kuutia mfumo ndani ya tarakilishi; kusanidi ni kuurekebisha ufanye kazi upendavyo.

Maana ya seva na mfumo huria

Seva ni tarakilishi inayozihudumia nyingine: huhifadhi faili zao na kuwapa watumiaji kile wanachokihitaji kupitia mtandao. Si lazima iwe mashine kubwa. Kipakatalishi chenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 kinaitosha familia.

Mfumo endeshi ndio unaoiwezesha mashine kuelewana na programu zake. Huitwa huria iwapo msimbo wake uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha Linux mwaka 1991. Kutokana na kazi hizo kulizuka mifumo mingi, ukiwemo Debian ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulijengwa juu ya Debian. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba jina hilo ni ndugu wa neno letu utu. Mfano wetu hapa ni Debian, kwa kuwa hauilemei mashine kongwe.

Maandalizi

Kwanza, angalia betri. Betri nzima ya kipakatalishi huiwezesha seva kuendelea kuishi umeme unapokatika kwa muda mfupi. Betri yangu ilikuwa imekufa kitambo, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Betri iliyovimba isitumike kabisa, kwani inaweza kushika moto. Aidha, tumia kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme. Radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na ule wa ruta, kwa maana mshtuko unaweza kupita kotekote.

Pili, pakua faili ya usakinishaji kutoka tovuti rasmi ya Debian. Ile ndogo haifiki gigabaiti moja, lakini itahitaji intaneti ili kuleta sehemu zilizobaki. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, faili hii hubeba pia programu za kuendeshea vifaa vingi vya Wi-Fi, jambo lililowahi kuwa kero kwa wenye vipakatalishi. Kagua alama ya uhakiki iliyoandikwa katika tovuti hiyo ili ujue kwamba faili haikuharibika njiani, kisha iandike kwenye flashi kwa programu maalumu. Kuinakili faili kama unavyonakili picha huenda kusitoshe.

Tatu, nakili kila kitu kilichomo katika mashine kabla ya kuigusa.

Usakinishaji

Chomeka flashi, washa mashine, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia. Mara nyingi ni F12, F2 au Esc. Utaulizwa lugha, nchi, mpangilio wa kibodi, jina la seva na nywila. Ukichagua Kenya, saa itafuata majira ya Nairobi. Nywila ya msimamizi mkuu ikiachwa wazi, mtumiaji wa kwanza ndiye atakayepewa mamlaka ya kutekeleza kazi za usimamizi kwa amri ya sudo.

Hatua inayofuata ndiyo iliyotugharimu: mgawanyo wa diski. Diski ni kama shamba linaloweza kukatwa mafungu. Mfumo ukikaa katika fungu moja na faili za watu katika fungu jingine, liitwalo /home, inawezekana siku moja kusakinisha mfumo upya bila kuzigusa faili hizo. Chagua basi njia inayotenga /home. Siku ya kurudia usakinishaji, chagua mgawanyo wa mkono, na uhakikishe kwamba fungu la /home halikutiwa alama ya kufutwa. Usikubali kutumia diski nzima isipokuwa umekwisha kuhakikisha kwamba hakuna kitu ndani yake unachokihitaji.

Mwishowe utaulizwa programu za ziada. Ondoa alama kwenye mazingira ya picha na madirisha, maana seva haiyahitaji. Weka alama kwenye seva ya SSH, itakayokuwezesha kuisimamia mashine kutoka tarakilishi nyingine, na kwenye zana za kawaida za mfumo.

Usanidi

Mashine ikiwaka upya, ingia na utoe amri mbili: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Ya kwanza huleta orodha ya programu. Ya pili huzisasisha zilizomo. Kwa kuwa kipakatalishi hulala kifuniko kikifungwa, fungua faili /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, kisha iwashe mashine upya.

Katika ruta, itengee seva anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, ili simu za nyumbani ziipate kila siku mahali pale pale. Weka ngome ya kuzuia wageni, na usiifungulie seva mlango wa kutoka nje bila sababu. Baada ya hapo unaweza kuongeza Samba kwa ajili ya kushiriki faili, na Kiwix, inayowezesha Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, kusomwa bila intaneti. Mtoto wa nyumbani ataisoma kwa Wi-Fi ya ruta hata siku ambayo bando limekwisha.

Akiba haiozi

Nakala moja si akiba. Nunua diski ya nje, na uiamuru seva kunakili /home kila usiku kwa programu ya rsync. Hapa Mswahili ajihadhari: ratiba ya mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Ukitaka kazi ifanyike saa nane za usiku, andika 2, si 8. Ukiandika 8 itafanyika saa mbili asubuhi. Nakala ya pili iwekwe mbali na nyumba, kwani radi, moto na mwizi havibagui diski. Kila mwezi jaribu kurejesha faili moja. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Lugha ya maelezo

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakiyawezi mambo haya. Madai hayo yalikwisha kujibiwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kinachopungua si istilahi, bali mazoea ya kuzitumia pale mtu anapozihitaji.

Hitimisho

Niliijenga seva upya wakati wa likizo, kwa betri nzima na diski mbili za akiba. Ukutani, juu yake, kuna karatasi moja ya Kiswahili. Inaeleza jinsi ya kuizima, jinsi ya kuiwasha, na ni ujumbe upi usiokubaliwa kabla ya kunipigia simu. Mdogo wangu ndiye aliyeisahihisha. Sentensi mbili hakuzielewa, nikaziandika upya. Sauti ya nyanya haitarudi. Lakini katika vijiji vyetu bado wamo wazee wenye ngano, na mwanafunzi atakayekwenda kuwarekodi sasa anajua pa kuanzia.