Kipaji hakimfelishi mtoto, ratiba mbovu humfelisha

Kila mwaka muhula wa kwanza ukishika kasi, shule za sekondari nchini Kenya huingiwa na homa ya tamasha za drama. Masomo yakiisha saa kumi jioni, wenye tamthilia huteka ukumbi, wenye ngonjera hujibanza nyuma ya maktaba, na wenye densi hutimua vumbi kando ya bwalo. Washindi wa kaunti ndogo huenda kaunti, kisha eneo, kisha fainali za kitaifa mwezi Aprili. Wanaofua dafu huko hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Kwa kijana wa miaka 16, hilo si jambo dogo.

Kisha ripoti ya muhula hufika nyumbani, Hisabati imeporomoka kutoka B hadi D, na mzazi aliyelipa karo kwa taabu hutoa amri: drama sasa basi! Hukumbusha pia kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Ni kweli, iwapo zote mbili zinashikwa saa ile ile.

Kabla ya kumpokonya mtoto maleba, hesabu saa zake. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Katika shule nyingi za bweni, maandalio ya jioni huisha saa nne usiku na kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri. Hata asiyeshiriki lolote hubaki na saa sita na nusu. Sasa mfikirie mwigizaji aliyeshuka basini saa saba usiku, rangi ya jukwaani ingali kwenye kope, na kulipopambazuka yuko darasani akisawazisha milinganyo ya Kemia. Huyo kashindwa na usingizi, wala si Kemia.

Kwa upande wa riadha, mji wa Iten una la kutufunza. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha Jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's, akaishia kuwa kocha wa riadha. Mwaka 1988, Peter Rono aliyesomea shule hiyo alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500 jijini Seoul. Mwaka uliofuata, Bruda alianzisha kambi za mazoezi za vijana wakati wa likizo. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012, alinolewa naye tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari. Mazoezi mazito yakihamia likizoni, muhula hupata nafasi ya kupumua.

Kalenda yenyewe inaruhusu. Fainali za drama zikiisha Aprili, miezi kadhaa hubaki kabla ya mtihani wa kitaifa wa KCSE, na muhula wa tatu huachiwa mitihani. Kinachokosekana ni mazungumzo. Mwalimu wa drama hupanga safari bila kumwarifu mwenzake wa Fizikia, naye wa Fizikia huendelea na mada mpya kana kwamba darasa limejaa. Orodha ya wasafiri ikibandikwa katika chumba cha walimu wiki moja mapema, vipindi vya kufidia hupangwa kabla ya basi kuondoka.

Mtaala mpya umetenga mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu. Vijana wasidanganyike: hata huko, Hisabati haikwepeki. Wanaokimbia ni wengi, na wanaofika Olimpiki ni wachache.

Mzazi, kabla muhula ujao haujafunguliwa, keti na mwanao na umuulize mambo matatu: analala saa ngapi, anakosa vipindi vipi, na nani atamfidia. Wekeni pia masharti mapema. Alama zikishuka muhula mmoja, mazoezi yapunguzwe. Zikishuka tena, apumzike hadi azirejeshe. Kijana aliyeshiriki kuyaweka masharti hayo hatasubiri kusukumwa kuyatii.