Benchi la Bibi: tiba ya aliyezidiwa na mawazo

Majumbani mwetu mtu akikosa usingizi wiki nzima, chakula hakipiti na machozi hayamkauki, husemwa "ana mawazo". Wengine huongeza kuwa imani yake imepungua, au kuna mkono wa mtu. Ni wachache watakaosema kwamba huyu ni mgonjwa, na sehemu ya dawa yake ni kukaa na mtu aliyefunzwa kumsikiliza. Leo tumtazame daktari aliyeijenga tiba yake juu ya kusikiliza huko.

Dixon Chibanda ni daktari wa maradhi ya akili mjini Harare, Zimbabwe, nchi ambayo madaktari wa fani yake ni wa kuhesabika. Mwaka 2005 binti mmoja aliyekuwa akimtibu alizidiwa, ikatakiwa arejeshwe hospitali haraka. Familia haikuwa na nauli, dola 15 tu za Marekani. Binti yule akajitoa uhai. Chibanda amesimulia hadharani kwamba msiba huo ndio uliomfundisha kuwa kuwangoja wagonjwa hospitali hakutoshi, bali tiba iwafuate mitaani.

Mwaka 2006 akaanzia Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Hakupewa fedha wala chumba. Alichopata ni mabibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea. Akawafunza, nao wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni alitaka benchi liitwe kwa jina la afya ya akili. Mabibi wakamwambia kwa jina hilo hatakaa mtu. Likaitwa Benchi la Urafiki.

Hata maneno ya kitabuni waliyaweka kando. Kwa Kishona lipo neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo lile lile sisi tunaloliita mawazo. Mazungumzo hupita hatua tatu: kumfungua mtu akili, kumnyanyua, kisha kumtia nguvu. Mgonjwa hutaja shida zake zote, halafu mwenyewe huchagua moja ya kuanza nayo na kutafuta njia anayoimudu. Bibi hamwamulii. Jambo hili ni gumu kwetu, maana mwenye dhiki akitujia, hajamaliza kusema tumeshampa mawaidha. Mawaidha yana mahali pake, ila aliyeelemewa huyasikia kama lawama.

Tiba hiyo ilipimwa katika zahanati 24 za Harare kwa wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliopitia benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Benchi hilo limeshavuka mipaka, na Zanzibar limefika.

Kuna atakayeuliza, je, ni halali kumfungulia mtu baki siri za nyumba? Nasaha ya kitaalamu ni amana, na anayeitoa anawajibika kutunza siri kama anavyowajibika daktari mwingine yeyote. Benchi liko uani kweupe, hakuna khalwa. Wala elimu hii si ngeni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akieleza huzuni, hofu na wasiwasi kama maradhi yanayotibika.

Basi mama, baba, ukimwona mmoja wenu amejitenga, halali, na kazi au swala alizozipenda zimemshinda kwa zaidi ya wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu na mseme wazi kuwa ni tatizo la mawazo. Dua na ruqya ziendelee, hazizuii tiba. Kwa matatizo makubwa zipo Mirembe kule Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Kidongo Chekundu kwa ndugu zetu wa Unguja. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msimkemee wala kumwambia anakufuru. Asiachwe peke yake hata kidogo, ondoeni karibu naye sumu za shambani, tembe na kamba, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Nauli kama hakuna, gongeni mlango wa jirani, au msikitini.