Njahi Haijui Ikweta

Ukitoka Nairobi kwenda Isiolo, kabla tu ya kuingia Nanyuki unavuka Ikweta, na hapo utakuta vijana wenye beseni lenye tundu, jagi la maji na kijiti. Upande huu maji yanazunguka hivi. Ukisogea hatua chache ng'ambo ya mstari yanazunguka vile. Wageni wanashangilia, pesa inatoka. Ni kiinimacho. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Anayeyageuza ni yule anayeyamimina.

Mimi huku Isiolo, kilomita kama 40 kaskazini ya mstari huo, nina kizungukaji changu na hakidanganyi mtu. Ni njahi.

Wengi tunaijua ikiwa sufuriani: punje nyeusi yenye kovu jeupe ubavuni, chakula ambacho Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Vitabu vya Kiswahili huiita fiwi. Maua yake, meupe au ya zambarau, hayazungumzwi sana. Kule Monticello, Virginia, nyumbani kwa Rais Thomas Jefferson, mmea huu wa Afrika hutambazwa juu ya kichanja uwe pambo. Sisi tunachemsha, wao wanatazama.

Mvua ya Aprili iliposhika nililoweka punje sita za sokoni usiku kucha, nikazifukia kina cha pingili ya kidole kando ya ua wa seng'enge. Punje ya sokoni ni bahati nasibu, maana iliyokaa sana guniani huoza tu. Nne zilichomoza. Nikazizungushia matawi ya mgunga, kwa sababu hapa kwetu mche hauuawi na jua kabla ya mbuzi kuuona. Mwanzoni unaona kama umedumaa. Kumbe mizizi inashuka. Kisha ncha inachomoka, nyembamba kama uzi wa kiatu, na kuanza kutafuta.

Inatafuta kwa kuzunguka hewani. Charles Darwin, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1865, alieleza jinsi alivyokaa na mmea wa hopi, ule unaotia bia uchungu, katika chumba alimofungiwa na ugonjwa. Mchana wa joto, ncha ilikamilisha duara moja kwa wastani wa saa 2 na dakika 8. Ikigonga fito, sehemu iliyogusa inazuiliwa, iliyo mbele inaendelea na mzunguko, na hivyo fito inajikuta imeviringwa.

Ukiitazama kutoka juu, njahi yangu huzunguka kinyume na mishale ya saa. Kwa ukorofi niliifungua nikaiviringa upande wa pili na kuifunga kwa uzi. Ikaachana na mzingo wangu: chochote kilichokua juu ya uzi kilirudia njia yake ya zamani.

Zamani kulikuwa na dhana kwamba mimea hii hulifuata jua. Dhana hiyo ingeletwa Isiolo ingekwama: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini, na njahi ingelazimika kugeuka katikati ya mwaka. Mwaka 2007 Will Edwards, Angela Moles na Peter Franks walitoa hesabu kutoka maeneo 17, kaskazini na kusini mwa Ikweta. Asilimia 92 ya mashina yanayojisokota yalikwenda upande mmoja, huu wa njahi. Hopi ya Darwin ni miongoni mwa wachache wakaidi.

Punje zikikomaa na kukauka, zichemshe vizuri na umwage maji ya kwanza, kwani mbichi zina kemikali inayozaa sianidi. Zangu bado ni maua. Yamevuka ua, yananing'inia upande wa barabara, na tangu jana kuna beberu wa jirani anayesimama kwa miguu ya nyuma kuyapimia urefu.