Ukimrudisha Trauti Mtoni, Mrudishe Akiwa Mzima

Wakulima wengi wanaokaa karibu na mito itokayo Nyandarua na Mlima Kenya wamepata kuona jambo hili. Mtu amekuja na ufito wake mrefu, akasimama mtoni katika baridi kwa saa nyingi, na mwisho akamnasa trauti mzuri. Kisha, badala ya kumtia kikapuni, akamtoa ndoana na kumwachilia aende zake. Walio ukingoni hucheka. Lakini mwingine huuliza kwa uchungu, "Kwa nini atupe chakula, na watoto wangu hawajaonja nyama wiki hii?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Tafadhali soma maelezo haya, kisha uamue mwenyewe.

TRAUTI ALIKUJAJE?

Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa aina nyingine kutoka Afrika Kusini, wale wenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Samaki huyu hutaka maji baridi, safi, yaendayo mbio. Joto la maji likipita digrii 20 za sentigredi, huanza kutaabika, kwa sababu maji ya moto huwa na hewa kidogo. Husimama nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Kwa hiyo mvuvi hodari humwendea kutoka nyuma, polepole, na hakubali kivuli chake kianguke majini. Aliyejaribu anajua kwamba si kazi rahisi. Waweza kushinda kutwa nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu.

KWA NINI WENGINE HUMRUDISHA?

Mto wa mlimani ni mdogo na chakula chake ni haba. Wakija wavuvi wengi, na kila mmoja akichukua samaki wote anaowapata, mto utabaki mtupu upesi. Jike mmoja wa uzito wa kilo moja huweza kubeba mayai zaidi ya 1,000. Wewe mkulima huchinji mtamba mwenye mimba ili upate kitoweo cha siku moja. Mvuvi naye huwaza hivyo hivyo anapomwachilia jike mkubwa.

Huko Marekani, jimbo la Michigan lilianza kutumia desturi hii mwaka 1952, kwa kuwa kuzalisha samaki na kuwatia mitoni kila mara kulikuwa na gharama kubwa. Samaki mmoja aliyerudishwa aliweza kuvuliwa tena na mtu mwingine.

LAKINI, JE, HUISHI?

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba samaki akishaogelea kidogo amepona. Sivyo. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha trauti kama mvuvi anavyowachosha, kisha wakawaangalia. Kati ya wale ambao hawakutolewa majini, walikufa 12 katika kila 100. Waliowekwa hewani kwa nusu dakika walikufa 38 katika kila 100. Na waliowekwa hewani dakika nzima walikufa 72 katika kila 100.

Fikiri maana yake. Mvuvi anayemshika samaki juu huku rafiki yake akitafuta kamera amekwisha kumwua, ingawa hajui. Samaki huyo hakulisha mtu, wala hakuongeza kizazi mtoni.

Tena kuna jambo la maumivu. Mwaka 2003 wataalamu wa Scotland walionyesha kwamba kichwa cha trauti kina neva za kutambua madhara. Trauti waliodungwa sumu ya nyuki mdomoni walikawia sana kurudia chakula. Kwa sababu kama hizi, sheria ya Uswisi inakataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumwachilia tu kila samaki atakayemnasa. Wao husema si haki kumtesa mnyama kwa mchezo.

Basi jirani aliyeuliza swali pale ukingoni hakukosea kabisa, wala mvuvi hakukosea kabisa. Kumla samaki si dhambi. Kumrudisha si upumbavu. Ubaya ni kumwua bila faida. Kwa hiyo amua kabla hujatupa ndoana: leo unavua kitoweo, au unavua ili urudishe?

UKIVUA KITOWEO

Pata leseni kwanza, na uliza ofisi ya uvuvi kipimo na idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua. Ukimpata samaki wa kufaa, mwue mara moja kwa pigo moja kichwani. Usimwache arukeruke majanini mpaka afe. Ukitosheka, acha kuvua. Samaki kumi wakiozea kikapuni, umeuibia mto.

UKITAKA KUMRUDISHA

1. Tumia inzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya, usitumie mnyoo. Mnyoo humezwa mpaka tumboni, lakini inzi wa bandia kwa kawaida hushika mdomoni.

2. Bana kwa koleo ile ncha ndogo ya ndoana inayorudi nyuma, ili ndoana itoke kwa urahisi.

3. Mvute upesi. Usimchezeshe mpaka aishiwe nguvu.

4. Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake ya maradhi. Usimminye tumbo, wala usitie vidole katika mashavu yake.

5. Mtoe ndoana angali majini. Ikiwa ameimeza, kata mshipi, usivute.

6. Mshike taratibu, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake.

7. Siku ya jua kali, maji yakiwa ya moto na machache, usivue kabisa.

Akitoka damu mashavuni, hatapona. Ikiwa kipimo kinaruhusu, mchukue ukamle, na umhesabu katika idadi yako. Wala usimhamishe trauti mzima na kumtia katika mto mwingine. Yeye ni mgeni mlafi, na aweza kuwamaliza samaki wadogo wa asili.

SEHEMU YAKO WEWE MWENYE SHAMBA

Mvuvi aweza kufuata kanuni zote hizi, na bado kazi yake ikaharibiwa shambani. Trauti hutaga mayai katika kokoto za mtoni. Ukilima mpaka ukingoni, mvua huleta udongo ukayafunika mayai, nayo hukosa hewa na kufa. Acha majani na miti ukingoni.

Tena usioshe pampu ya dawa mtoni, wala usimwage humo maji ya kuogeshea ng'ombe. Hata dawa ya pareto, ambayo haina madhara makubwa kwa mtu, huwaua samaki upesi sana. Chota maji kwa ndoo, ukaoshee pampu yako mbali na mto.

Safari nyingine ukimwona mgeni akimrudisha trauti, mwangalie mikono yake. Ikiwa imelowa, na samaki hajatoka majini, mwache, anajua kazi yake. Ikiwa amemlaza samaki majanini ili ampige picha, mwambie kwa upole kwamba samaki huyo ni afadhali apelekwe jikoni.